Mchezo wa Wanne, Ushindi wa Wawili

Mhadhara uliotolewa Nanyuki mbele ya walimu, wazazi na vijana



Mada yangu ni ludo. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu tangazo la mhadhara huu liliandika "mchezo wa jadi wa Kihindi na jamaa zake wa kisasa", na huenda baadhi yenu mlitarajia kitu cha mbali. Si cha mbali. Ni ubao ule wa rangi nne unaouzwa madukani pamoja na madaftari na kalamu, ule ambao mgongoni una nyoka na ngazi, ule ambao sasa umo ndani ya simu za vijana wanaosubiri abiria. Ubao huo una historia ndefu, na ndani ya historia hiyo kuna kanuni moja iliyoondolewa zaidi ya karne moja iliyopita. Kanuni hiyo ndiyo iliyonileta hapa.

Tuanze na mchezo wenyewe wa kale, pachisi. Kwa kawaida pachisi haukuchezwa kwenye ubao bali kwenye nguo: nguo yenye umbo la msalaba, iliyotariziwa, ambayo mkimaliza kucheza mnaikunja na kuiweka sandukuni. Kila mkono wa msalaba una safu tatu za vyumba vinane vinane, basi mikono yote minne ina vyumba 96. Katikati kuna mraba mkubwa. Kete zote huanzia hapo, na zote hupania kurudi hapo. Vyumba 12, vitatu kila mkono, vimetiwa alama, na kete iliyotua katika chumba chenye alama hailiwi na mtu.

Wachezaji ni wanne, kila mmoja na kete nne. Hawatupi dadu. Wanatupa kauri sita, kisha wanahesabu ngapi zimeanguka mdomo ukitazama juu. Mbili ni mbili, tatu ni tatu, hivyo hivyo hadi sita. Lakini ikitazama juu moja peke yake, umepata 10. Na zote zikilala kifudifudi, umepata 25, namba kubwa kuliko zote, ambayo kwa Kihindi ni pachis na ndiyo iliyoupa mchezo jina. Ukipata 6, 10 au 25 unatupa tena. Kete ya kwanza huingia mchezoni kwa namba yoyote uliyotupa. Zilizobaki husubiri mojawapo ya hizo tatu.

Mchezo huu una pacha wake, chaupar, unaochezwa kwenye nguo hiyo hiyo kwa dadu ndefu badala ya kauri. Chaupar ulipendwa sana katika majumba ya kifalme. Abul Fazl, aliyeandika habari za mfalme Akbar katika karne ya 16, anasimulia kwamba baraza la mfalme liliweza kuwa na wachezaji zaidi ya 200 kwa wakati mmoja, kwamba hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya kumaliza duru 16, na kwamba mara nyingine jambo hilo lilichukua miezi mitatu. Anasema pia kuwa mfalme aliwatazama watu wake wakicheza ili awapime vipaji vyao. Katika mji wa Fatehpur Sikri, ambao Akbar alianza kuujenga mwaka 1571, kuna ua wenye ubao wa pachisi uliochorwa kwenye sakafu ya mawe, na masimulizi ya huko yanasema mfalme aliketi katikati huku kete zikiwa watu waliovaa rangi, wakitembea chumba hadi chumba kwa amri yake.

Masimulizi ya wafalme ni mazuri, ila si yaliyonivuta. Mimi nilivutwa na jinsi wale wanne wanavyokaa. Katika pachisi wachezaji hawachezi kila mtu peke yake. Aliyeketi mkabala nawe ni mwenzako. Walio kuliani na kushotoni kwako ni wapinzani, nao ni wawili wa upande mmoja. Hushindi mpaka kete zako nne na kete nne za mwenzako, nane zote, zimefika katikati. Ukiwahi wewe huku mwenzako angali anahangaika upande wa pili wa nguo, hujashinda chochote.

Tazameni kanuni hiyo moja inavyogeuza kila uamuzi. Kete yako imekaribia nyumbani, na kete ya mwenzako imefuatwa na adui vyumba vinne nyuma. Unafanya nini? Mchezaji wa pachisi anayejua kazi yake anaweza kukataa kuingia. Anaipitisha kete yake mlango wa nyumbani na kuizungusha tena nguo nzima, raundi ya pili, ili imtafute yule anayemwinda mwenzake. Anahatarisha kilicho chake kabisa kwa sababu ya kisicho chake. Nimeutazama mchezo mwingi wa mezani, wa kwetu na wa kigeni, na mwingine uwezao kumfundisha mtoto wa miaka minane kufanya hivyo kwa hiari yake, huku akifurahi, siujui.

Sasa, kanuni hiyo ilipotelea wapi? Kuna mwaka mmoja wa kukumbuka: 1896. Mwaka huo ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa, na vibarua wakaanza kuletwa kutoka Bara Hindi, hasa Punjab. Hadi kazi inakwisha walikuwa wameletwa karibu 32,000. Wapatao 2,500 walifia njiani na kambini, na zaidi ya 6,700 walibaki. Mwaka huo huo wa 1896, huko Uingereza, ulisajiliwa mchezo wa sandukuni ulioitwa Ludo. Kwa hiyo mchezo wa Wahindi ulianza safari ya kuja huku kwetu kwa njia mbili kwa mpigo: ndani ya mizigo na vichwa vya watu walioujua kwao, na ndani ya sanduku la Kiingereza. Iliyofika Nanyuki kwa watu wengi ni ile ya sanduku. Nitaeleza sababu, lakini kwanza tuone sanduku lile lilifanya nini.

Liliondoa kauri na kuweka dadu moja. Lilifupisha mikono ya msalaba: mzunguko wa nje wa pachisi una vyumba 68, wa ludo una 52. Liliziondoa kete katikati na kuzifungia pembeni, kila rangi katika kizimba chake, zikisubiri sita. Liliondoa vyumba vya usalama. Na liliwatenganisha wale waliokaa mkabala. Kuanzia siku hiyo kila mtu ni adui wa kila mtu, na wa kwanza kumaliza anaamka mezani na kujisifu.

Waingereza hawakuwa peke yao. Marekani walikuwa wametangulia: jina Parcheesi lilisajiliwa huko mwaka 1874 na kampuni iliyokuja baadaye kuitwa Selchow & Righter, na hao angalau walivihifadhi vyumba 68 na vyumba 12 vya usalama. Mjini München, Mjerumani Josef Friedrich Schmidt alitengeneza toleo lake kwa ajili ya wanawe miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza, akaliita kwa jina la kumtuliza anayeliwa kete, na vita vilipoanza akapeleka maelfu ya masanduku katika hospitali za wanajeshi. Wahispania nao wana parchís. Katika familia hii yote iliyosambaa duniani, kinachoanza kuchezwa mezani kwa kawaida ni mtu mmoja dhidi ya watatu.

Walimu wa hesabu mliopo, hapa pana somo la bure. Katika ludo hutoki bila sita. Uwezekano wa kutupa dadu mara sita bila kupata sita hata moja ni karibu thuluthi. Maana yake, katika watoto watatu waliokaa mezani, tarajieni mmoja awe bado kizimbani baada ya zamu sita, akitazama wenzake wakitembea. Katika watoto sita, mmoja atakuwa bado amefungiwa hata baada ya zamu kumi. Pachisi unamruhusu kila mtu kutoka mara moja kwa kete yake ya kwanza, kisha ndipo unakuwa mgumu: kama kauri ingekuwa na nafasi sawa ya kulala pande zote mbili, katika njia 64 za kuanguka kwa kauri sita, nane tu zingeleta 6, 10 au 25. Ila kauri haina nafasi sawa. Ina mgongo wa mviringo na tumbo bapa. Wapeni wanafunzi kauri mia, watupe na kuandika, wapate wenyewe ni mara ngapi inalala chali. Hilo ni jambo ambalo dadu ya plastiki haiwezi kuwapa, kwa kuwa jibu lake limekwisha kuandikwa kitabuni.

Na kauri ni zetu. Kauri za Bahari ya Hindi zilizofanywa fedha Bengal zilitoka Maldivi, lakini mwambao wa Afrika Mashariki nao ulizitoa kwa shehena: katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walizipakia Unguja na kuzipeleka Afrika Magharibi, na Buganda zilikuwa fedha halali ya sokoni. Hata hapa, mbali na bahari, tunaziona zimeshonwa kwenye mapambo ya Wasamburu na Wamaasai. Bahari iliyoupa mchezo huu kete zake za kutupa ndiyo inayopiga ukingo wa Mombasa.

Kabla ya ludo, watu wa Mlima Kenya hawakuwa bila mchezo. Wakikuyu wana giuthi, Wamaasai wana enkeshui, yote ya jamii ya bao, ya mashimo na mbegu. Humo hakuna dadu wala kauri ya kutupa; hakuna bahati kabisa, kuna hesabu na kumbukumbu. Kuna anayeweza kuuliza kama giuthi na pachisi ni ndugu. Sioni undugu. Mwaka 1879 mwanazuoni Edward Tylor aliandika kwamba patolli, mchezo wa Wameksiko wa kale, ulifanana sana na pachisi, na akatoa hoja kuwa lazima ulivuka bahari kutoka Asia. Wengi waliomfuata walipinga. Tusiwe wepesi kuunganisha kila mchezo wenye njia na kete.

Narudi kwenye swali: kwa nini watoto wa mitaa yetu ya Majengo na Likii walijifunza ludo ya sanduku, si pachisi ya jirani Mhindi?

Wahindi walikuwapo mapema katika miji ya mlima. Nyeri ilipoanza, duka la Osman Allu lilikuwa miongoni mwa ya kwanza. Reli ilipofika Nanyuki mwaka 1930, wenye maduka walikuja nayo. Lakini walikuja katika nchi iliyokatwa vipande. Wamaasai walikuwa wamehamishwa kutoka Laikipia baada ya mkataba wa 1911 ili mashamba yawe ya walowezi. Waraka wa Devonshire wa 1923 ulithibitisha kwamba nyanda za juu ni za Wazungu, na Mhindi hakuruhusiwa kumiliki shamba humo hata awe na fedha. Alibakiwa na kiwanja cha mjini na duka. Miji nayo iligawanywa: Mzungu upande wake, Mhindi barabara ya maduka, Mwafrika majengo ya pembeni. Mwafrika aliingia dukani akafika kaunta. Mchezo ulichezwa nyuma ya kaunta, sebuleni, baada ya milango kufungwa. Wagujarati wanauita chopat. Huwezi kujifunza mchezo usiouona ukichezwa.

Linganisheni na Pwani. Keram nao ni mchezo uliotoka Bara Hindi, na Unguja umekuwa mchezo wa kila baraza. Hakuna aliyeuingiza shuleni. Watu walikaa mtaa mmoja, mlango kwa mlango, wengine wao waliswali msikiti mmoja, na ubao ulitolewa nje jioni mahali ambapo mpita njia angeweza kusimama, kutazama, kisha kuomba zamu. Keram ulipita kwa macho. Huku kwetu hapakuwa na baraza la pamoja, basi mchezo wa Mhindi ulitufikia umezungushwa kwanza Uingereza, umefungwa katika karatasi ngumu, na ukauzwa kwetu na Mhindi yule yule juu ya kaunta ile ile. Jambo hili hunihuzunisha kila ninapolifikiria. Mhindi na Mwafrika walikuwa na ujirani wa miaka na hawakupewa nafasi ya kukaa mkabala.

Baada ya Uhuru hali haikugeuka vile. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwafungia wasio raia biashara katika maeneo mengi, na familia nyingi za Wahindi katika miji midogo zilihamia Nairobi au Uingereza. Waliobaki ni Wakenya kama mimi, na Julai 2017 serikali iliitambua rasmi jamii yao kuwa kabila la 44. Nawaomba walio na bibi na babu wanaokumbuka chopat wawaketishe chini mwaka huu, siyo mwaka ujao, na waandike kanuni za nyumbani kwao, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na zake.

Kisha ikaja simu. Mwaka 2016 kampuni ya Gametion ya Mumbai, iliyoanzishwa na Vikash Jaiswal, ilitoa Ludo King. Mchezo ulikuwa umerudi kwa wenyewe ukiwa na sura ya Kiingereza, na Wahindi walipoushika walianza kuurekebisha. Tazameni skrini vizuri: kuna vyumba vinane ambavyo kete ndani yake hailiwi, na vinne kati yake vina nyota. Kanuni ya usalama ya pachisi, iliyofutwa 1896, imerudi. Watoto wetu wanadhani ni ubunifu wa simu. Mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi na amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa, familia zilizofungiwa ndani duniani kote ziliugeukia mchezo huo, na hapa pia tuliwaona watoto waliokuwa hawajawahi kugusa ubao wa karatasi wakijua ludo kwa kidole.

Simu imeleta na ubaya wake, nao ni fedha. Nchini India kesi ilifika Mahakama Kuu ya Bombay mwaka 2021 ikiuliza kama ludo ya kulipia kwenye simu ni mchezo wa ujuzi au wa bahati, maana kama ni wa bahati basi ni kamari. Mwaka 2025 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kupiga marufuku michezo ya fedha mtandaoni. Mimi nasema ludo ya mtu mmoja mmoja, yenye dadu moja, ina bahati nyingi mno kuwekewa hata shilingi kumi ya kijana anayetafuta kodi ya nyumba. Ujuzi upo, ila dadu inaushinda katika mchezo mmoja. Unaonekana tu katika michezo mingi. Mwenye kuchukua asilimia yake katika kila mchezo anafurahi sana ukicheza mingi.

Lakini nimeona pia jambo jema, na nimeliona hapa hapa mjini. Vijana wanne wakikaa na ubao mmoja kwenye kivuli, mara nyingi hawachezi kila mtu kivyake. Wanasema "wawili wawili". Nyekundu na njano upande mmoja, kijani na bluu upande mwingine, na walio upande mmoja wamekaa mkabala. Hakuna aliyewasomea historia ya pachisi. Walichoka kumwona mmoja akimaliza na kuondoka huku watatu wakibaki kugombea nafasi ya pili isiyo na maana, wakatafuta namna ya kubaki pamoja hadi mwisho. Wamefika wenyewe mahali pale pale ambapo nguo ya msalaba ilikuwa tangu zamani.

Ndiyo maana nawaomba walimu jambo dogo lisilo na gharama. Klabu za michezo shuleni zina drafti ya vifuniko vya soda na pengine chesi. Ongezeni pachisi. Nguo yake ni kitambaa kimoja cha mabaki ya fundi cherehani, na wanafunzi wa sanaa wataichora. Kete ni vifungo vya rangi nne, vinne vinne. Kauri sita zinapatikana kwa wauza shanga; zikikosekana, vipande sita vya fimbo vilivyopasuliwa katikati vinatosha, ubapa ukihesabiwa kuwa mdomo.

Mkiwafundisha, anzeni na kuketi kabla ya kutupa. Mwekeni kila mtoto mkabala na mwenzake, na kama darasa lina watoto wa lugha mbili au wa mitaa miwili, mseto uanzie hapo. Waambieni kwamba kuzungumza na mwenzako mezani kunaruhusiwa. Kete ikitua juu ya kete ya mpinzani nje ya vyumba vyenye alama, inaila, na mwenyewe anapata zamu nyingine. Kufika katikati ni kwa hesabu kamili, hakuna kuzidisha. Na atakayemaliza kete zake nne mapema hasimami: zamu yake ikifika anatupa kauri kama kawaida, na namba aliyopata anaisogezea kete ya mwenzake, akimuuliza kwanza ni ipi.